Pa Kukaa Bila Kununua Kitu

2 Februari

Kwa mjukuu wangu Kiulizo,

Salamu nyingi, zisizo na hesabu. Sisi wazima. Mjomba wako anazidi kunenepa na anasema ni shati limerudi, limekuwa dogo kwa kufuliwa. Shangazi yako amehama tena, hii ni nyumba ya nne, amesema safari hii ndiyo mwisho, nasi tumesema sawa. Dada yako amejifungua mtoto wa kike. Ana sauti huyo. Akilia, mtaa mzima unajua ananyonya saa ngapi.

Anayeandika ni Fundi, jirani yangu wa cherehani, kwa sababu mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Yeye anataka niweke "tafadhali" kila mstari, nimemkatalia. Simu uliyoninunulia iko kabatini, imefungwa kwenye leso. Simu na masikio yangu havipatani, nasikia kama nyuki kwenye chupa. Barua nasomewa mara tatu, nayo haichoki.

Sasa neno lenyewe. Umeniandikia kwamba umepewa somo jipya pale chuoni, la kufundisha vijana wapange utafiti wa pamoja juu ya maisha ya mjini. Kisha ukasema "tunaendelea vizuri", ukaweka nukta. Mtu anayeendelea vizuri hasimami hapo, anasimulia mpaka uchoke. Nimekulea mimi, tangu una meno mawili. Kuna nini?

Ni mimi bibi yako.


19 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Habari ya mtoto imenifurahisha sana, mbusu shavuni kwa niaba yangu. Mimi mzima. Chumba changu kiko juu ya kiwanda cha magodoro, pamba inapanda ngazi mpaka kwenye kikombe cha chai. Goti lako linaendeleaje? Hukusema.

Haya, nasimulia. Nina wanafunzi ishirini, makundi manne ya watu watano watano. Kila kundi lichague jambo la mji, lipange namna ya kulichunguza, lifanye kazi kama kundi. Kundi la kwanza lilichagua jengo moja la ghorofa sita lenye bomba moja uani: watu husubiri maji kwa muda gani? Waligawana kazi vizuri mno, nikawasifu mbele ya wenzao. Mmoja wa kuhesabu foleni, mmoja wa kuuliza watu, mmoja wa kuchora, mmoja wa kusoma vitabu, mmoja wa kuandika.

Wameleta majibu. Mhesabuji anasema foleni ina watu arobaini. Muulizaji anasema watu wamemwambia hakuna foleni. Mchoraji bomba lenyewe hakuliona. Kila mmoja anaapa kwamba mwenzake hakwenda. Sasa wamenuniana, kila mmoja ana pembe yake darasani, na kwa kuwa darasa lina pembe nne, wa tano anakaa mlangoni.

Makundi mengine yanafungiwa milango. Hata kwenye jengo lile la bomba mama mmoja alimwambia mwanafunzi wangu, "Wewe ni wa nne mwaka huu kuja kuniuliza nina vyoo vingapi. Vikiongezeka nitakuita."

Mkuu wa idara amesema mwishoni mwa Juni makundi yatasimama mbele ya jopo la wakaguzi. Kazi isiposimama, somo linafutwa. Ni hayo tu, Bibi. Usijali.

Mjukuu wako.


8 Machi

Kiulizo,

Marahaba, mwanangu. Mtoto amebusiwa, akalia. Mjomba wako amenunua shati jipya, nalo limerudi.

Pale kwenye pembe tano tulicheka mpaka Fundi akaangusha sindano, tukaitafuta kwa miguu. Kisha nikaacha kucheka. Wanafunzi wako si waongo. Muulize mhesabuji alikwenda siku gani, na muulizaji siku gani, na yule asiyeliona bomba siku gani. Maji ya bomba la uani hayatoki kila siku, hilo hata mtoto wa dada yako anakaribia kulijua. Aliyekwenda siku kavu ameona kamba za nguo tupu. Mmegawana kazi kama wezi wanavyogawana mali: kila mtu na kipande chake, mbio.

Nimefua nguo za watu miaka thelathini na mmoja. Tulikuwa wanawake sita na mabeseni kumi. Wiki moja tulisema tuwe wajanja: wewe loweka tu, wewe sugua tu, wewe suuza, wewe anika. Shati jeupe la karani likatoka la buluu, na kila mmoja akaapa kwamba mikononi mwake lilipita jeupe. Tangu siku ile, aliyesugua leo kesho anaanika, na mwenye nguo akija, yeyote atakayemkuta amjibu habari za shati zima, kola mpaka kifungo. Hiyo ndiyo kazi ya pamoja. Hiyo yenu ni kazi ya kukaa karibu karibu.

Na huyo mama wa vyoo niko upande wake. Swali lilikuwa la nani, lake au lenu? Muulizeni yeye anataka kujua nini juu ya mji wake, kisha mkatafute naye. Mtu halifungii mlango swali lake mwenyewe.

Umeandika "somo linafutwa". Mwalimu wa somo anakwenda wapi? Hilo hukuandika.

Bibi yako.

Mimi Fundi naongeza bila ruhusa, yeye yuko uani anaanua nguo. Zahanati hajaenda tangu Desemba. Haogopi dawa. Pale foleni ni ya kusimama saa tatu nzima, hakuna hata benchi moja. Mara ya mwisho alikaa chini sakafuni, akashindwa kuinuka, wakamnyanyua watu asiowajua. Amenikataza kukuambia. Basi mimi nimekuambia.


30 Machi

Bibi, shikamoo.

Ulisema kweli, na hukuwahi hata kuliona jengo. Maji hutoka Jumanne na Ijumaa. Mhesabuji alikwenda Jumanne, muulizaji Alhamisi, mchoraji Jumapili, na bomba lilikuwa limefunikwa na zulia la mtu lililoanikwa.

Nisamehe, barua yako niliisoma darasani, isipokuwa mwisho wake. Kuna msichana ambaye haongei, wenzake wanamwita Kimya. Nilipofika kwenye shati la karani, yeye ndiye aliyesema, "Basi sisi ni shati la buluu." Wa mlangoni akaingia, akakaa.

Tulirudi kwenye jengo bila karatasi ya maswali. Kimya akamuuliza yule mama wa vyoo yeye angependa kujua nini juu ya mji huu. Mama alimtazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. Akasema, "Nataka kujua mtu akichoka anakaa wapi bila kununua kitu. Nikitoka sokoni na mizigo sina pa kukaa ila mkahawani, na ukikaa tu unaulizwa utakunywa nini." Majirani wakatoka mmoja mmoja, kila mtu ana kisa chake cha kufukuzwa mahali. Tulifika kuuliza dakika kumi, tukaondoka baada ya saa mbili.

Makundi yote manne yamekubaliana kulichukua swali lake, kila kundi na upande wake wa mji, na watu wa mitaa hiyo ni wenzetu katika kazi. Wanabadilishana kazi kama mlivyokuwa mkibadilishana mabeseni.

Mama yule aliposema maneno hayo mimi nilishindwa kuandika, maana nilikuwa nimeshasoma alichoongeza Fundi. Usimgombeze. Kwa nini hukuniambia, Bibi? Nina ombi: uhesabu mji wako pia. Uwe kundi la tano.

Hilo la mwalimu anakwenda wapi tutaongea siku nyingine.

Mjukuu wako.


27 Aprili

Kiulizo,

Marahaba. Barua imechelewa kwa sababu nilimnunia mwandishi wangu siku tisa, na mtu aliyemnunia mwandishi wake hana wa kumtuma kuandika kwamba amenuna. Tumepatana. Shangazi yako amehama. Habari ya goti tuiache.

Kundi la tano lipo. Ni mimi, Fundi, na mzee kuli aliyebeba magunia stesheni maisha yake yote mpaka mgongo ukamwambia basi. Kuli hasomi, mimi sisomi, na Fundi ana magauni ya watu. Kwa hiyo hatuandiki, tunashona. Fundi alitoa kipande cha shuka, akapitisha uzi mweusi kila penye barabara, kutoka sokoni mpaka zahanati. Mahali mtu anakaa asifukuzwe, kifungo cheupe. Mahali anakaa akafukuzwa, kifungo cheusi.

Benki wamepigilia vyuma vyenye ncha kwenye kizingiti, kana kwamba makalio yetu yatavunja kabati lao. Duka la dawa lina ngazi mbili, unakaa mpaka mwenye duka amalize chai yake. Kwa fundi viatu kuna kreti zuri la kukalia, nikashona cheupe.

Hapo kuli akasema, "Mama, pale mimi hufukuzwa."

Nikamwambia, "Wewe unafukuzwa kila mahali, una sura ya mtu anayedaiwa."

"Basi twende wote."

Tukaenda. Fundi viatu aliponiona akalifuta kreti kwa kitambaa, karibu mama, karibu. Nikainuka, akakaa kuli. Hata hajanyoosha mguu akaambiwa, "Mzee, wateja wanapita hapo."

Mwanangu, niliona aibu. Nilikucheka wewe na muulizaji wako wa Alhamisi, kumbe mimi nimeshona kifungo kwa sababu fundi viatu ananipenda. Nimekifumua kwa mkono wangu, na kuli nimemuomba radhi, ingawa sura ni ile ile. Sasa tuna sheria: kifungo cheupe hakishonwi mpaka watu wawili wasiofanana wakae pale, siku mbili tofauti. Wape vijana wako.

Zahanati haina kifungo. Hata cheusi.

Bibi.


17 Mei

Bibi, shikamoo.

Leo nitaandika kwa ufupi. Sheria yenu tumeitumia. Tulikuwa na sehemu sitini na moja za kukaa, zimebaki ishirini na tatu. Wanafunzi walikaribia kulia, wiki sita za kazi zinayeyuka mbele yao, lakini hakuna hata mmoja aliyesema tuzifiche. Nao wameshona kitambaa chao, mama wa vyoo ndiye aliyetoa pazia.

Mkuu wa idara alikikuta mezani. "Hiki nini, mnahamia?" Amesema jopo linataka karatasi, halitaki vifungo. Anataka pia kila kundi liwe na msemaji mmoja, anayeongea vizuri, wengine wakae. Na tarehe imerudishwa nyuma, sasa ni tarehe 14 Juni. Wanafunzi wanaogopa. Kimya amenyamaza tena.

Nimeazima maboksi kwa watu wa magodoro hapa chini. Ni ya vitabu tu.

Mjukuu wako.


29 Mei

Kiulizo,

Marahaba. Nyumbani wazima wote, habari zao zitasubiri.

Hakuna mwalimu anayefunga vitabu kwenye maboksi katikati ya muhula. Sasa najua somo likifutwa mwalimu anakwenda wapi. Rudisha maboksi. Utaondoka siku wakikuambia ondoka, wala si siku moja kabla. Usiwasaidie kukufukuza.

Jopo linataka karatasi, lipe karatasi, tena safi, isiyo na doa la chai. Lakini kitambaa kitandike juu ya meza yao kabla hawajafika. Hakuna binadamu anayekataa kutazama kitu alichokiwekea kiwiko. Na msemaji mmoja msiweke. Waambie wakaguzi wachague wenyewe nani ajibu, na wamuulize kazi ya nani. Mkiweka mwenye ulimi mtamu watadhani mmeficha wenye ulimi mzito.

Huyo Kimya mwambie maneno yangu haya: watu wanaosema kila siku hakuna anayewasikia tena. Yeye ulimi wake bado mpya.

Kitambaa chetu nimekituma na dereva wa basi. Kuli alikipeleka stendi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Kiwekeni karibu na chenu.

Usiniandikie tena mpaka uwe na la kuniambia.

Bibi yako, na Fundi anasema na yeye.


16 Juni

Bibi yangu, shikamoo, shikamoo tena.

Kaa kwanza. Fundi, mkalishe.

Wakaguzi walikuwa watatu. Mkubwa wao wanafunzi wanamwita Rula, kwa kuwa hata akikusalimia ni kama anakupima. Mwingine ni mama mhandisi kutoka ofisi ya jiji. Waliingia, wakakuta vitambaa viwili mezani, na mama wa vyoo na majirani zake wamekaa na wanafunzi, na Rula akaweka kiwiko chake moja kwa moja juu ya stendi ya mabasi.

Mkuu wa idara akasema msemaji asimame. Hakusimama mtu. Nikasema, "Chagueni ninyi, na ulizeni lolote." Mkuu alinitazama kama nimevunja kioo. Rula akapitisha macho ukumbini polepole, akaenda kumchagua Kimya.

"Stendi hii," akasema. Haikuwa hata kazi ya kundi lake. "Karatasi yenu inasema asubuhi vifungo vyeusi, mchana vyeupe. Kwa nini?"

Kimya akasimama. Akasema, "Asubuhi mgambo wanafagia watu pamoja na takataka. Saa nne wanakwenda kunywa chai, hawarudi. Mimi nimefukuzwa pale mara mbili. Nikarudi na huyu mama, naye akafukuzwa. Mchana tulikaa wote, tukala machungwa."

Rula akamuuliza mwingine, kazi ya kundi lingine. Akajibu. Na mwingine. Bibi, aliuliza watu kumi na wanne, wote walijibu habari za shati zima.

Kisha akagusa matundu ya sindano kwenye pazia. "Hapa palikuwa na vifungo. Mbona hamkuchukua kitambaa kingine, msionyeshe mlivyokosea?"

Mama wa vyoo, ambaye hakuwa ameulizwa, akainuka. "Bwana, hapo nilifumua mimi. Nilikuwa nimejidanganya. Mwenye kuja baada yetu asije akajidanganya hapo hapo."

Rula akavua miwani. "Miaka ishirini na sita nakagua kazi," akasema. "Makosa naletewa kila mwaka, lakini yamefichwa. Haya ni ya kwanza kuletewa yametunzwa."

Akahamia kitambaa chenu. Kidole chake kikafuata uzi kutoka sokoni, kikafika zahanati, kikazunguka. "Hapa mmesahau."

Nikamwambia, "Hapo hatukusahau." Akabaki na kidole pale pale. Mama mhandisi alikuwa ameshatoa simu anapiga picha vitambaa vyote viwili, akauliza nani anaweza kumpeleka kwenye sehemu zote ishirini na tatu. Mikono ishirini ikainuka, na ya mama na majirani zake juu yake.

Somo halifutwi, Bibi. Kuanzia muhula ujao ni lazima kwa mwaka wa pili wote, wanafunzi mia moja na themanini. Wakati wanatangaza, watu wangu walipiga kelele ukumbini mpaka msimamizi wa mtihani wa chumba cha pili akafungua mlango kutukemea, na Rula ndiye aliyemwambia arudi ndani.

Na sasa naweza kusema. Mkataba wangu ulikuwa unaisha pamoja na somo, ningekuwa nimeshaondoka leo. Wameniajiri moja kwa moja. Maboksi niliyarudisha siku ile ile barua yako ilipofika.

Mkuu wa idara ameona kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi zetu kwamba kiongozi wa kundi la tano ni wewe. Anaomba uje Septemba utoe hotuba kwa wanafunzi wapya. Ameniuliza una shahada gani. Nikamwambia ya kufua.

Mjukuu wako, mwalimu.


4 Julai

Kiulizo wangu, mwalimu,

Marahaba, na marahaba nyingine za akiba.

Fundi alisoma mpaka "somo halifutwi", akasimama, akalilia gauni la bibi harusi la Jumamosi, ikabidi lifuliwe, na nimelifua mimi. Mjomba wako amecheza dansi, na kishikizo cha shati kikaruka. Kuli anapita mtaani anawaambia watu yeye ni mtafiti. Anayebisha anapelekwa kwa fundi viatu kuonyeshwa kreti. Fundi viatu amechoka, sasa anamkaribisha kila mtu, na kifungo tumekirudisha kwa haki.

Umefanya jambo kubwa, mwanangu. Naandika hivi wazi ili usije ukasema sikusema. Uliogopa na hukukimbia, na vijana ishirini wamekuona hukukimbia. Hilo halimo kwenye karatasi za mkuu wa idara, lakini ndilo utakalokuwa umewafundisha.

Kitambaa cha pili tulikishona tukakipeleka kwa mganga mkuu wa zahanati. Alitafuta kifungo kwake, hakukiona, akauliza, tukamjibu. Wiki iliyofuata yaliletwa mabenchi manne. Nilikaa mimi siku ya kwanza, akakaa kuli siku ya pili, cheupe. Goti limelika, daktari amesema hivyo, na halitarudi lilivyokuwa. Nimepewa mkongojo na mazoezi, na naweza kupanda basi. Basi, umepata habari ya goti.

Sasa mwambie mkuu wako wa idara hotuba sina. Mtu akitoa hotuba anashukuriwa, anapewa maji, anarudishwa kwao. Mimi nakuja kama mwanafunzi. Mia moja na themanini kwa makundi ya watano ni thelathini na sita kamili, Fundi amepiga hesabu. Mimi nitakuwa wa ziada, niweke kwenye kundi litakalokuwa linagombana kuliko yote. Nitafanya zamu zao zote, na wakikosea nitawaambia, na nikikosea waniambie.

Ila niandike kwenye daftari la mahudhurio, katikati ya wenzangu, usiniweke chini kabisa kama mgeni. Nina miaka sabini na minne na hakuna mwalimu aliyewahi kuita jina langu asubuhi. Fundi amenieleza kwamba mwanafunzi akiitwa husema "nipo". Nimeanza mazoezi. Mjomba wako analalamika kwamba nalisema kwa sauti kubwa mno.

Avumilie. Darasa lako hilo ni kubwa, na nataka wa nyuma wanisikie.

Bibi yako, mwanafunzi wako.